Vitabu vya sauti: tunarekodi visivyohitaji, tunaacha vinavyolilia kusikika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nichangie mjadala unaozuka kila mara watu wanapozungumzia vitabu vya sauti, yaani kama mtu aliyesikiliza riwaya kwenye simu anaweza kusema kwamba ameisoma. Wapo wanaoona kwamba kusikiliza ni uvivu, na wapo wanaodai kwamba karatasi imepitwa na wakati. Kwa maoni yangu pande zote mbili huzungumza kana kwamba vitabu vyote ni bidhaa ya aina moja. Utenzi, tamthilia, riwaya ya upelelezi, wasifu na riwaya ya kifalsafa haviingii akilini kwa mlango mmoja. Baada ya kuvipitia kwa macho na kwa masikio kwa muda mrefu, naona kwamba katika Kiswahili tunahangaika kurekodi vitabu ambavyo vingejitosheleza kwenye karatasi, huku tukiviacha vile ambavyo tangu kuzaliwa kwake vilitaka sauti ya mtu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Tabora. Kazi yangu hushika macho na mikono tangu asubuhi hadi jioni, lakini masikio huniachia huru, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya niwe msikilizaji. Baadhi ya vitabu nimevisikia katika simulizi ambazo vijana hurekodi na kurushiana kwa simu. Vingi zaidi nimevisikia kwa njia ya kizamani: mwanafunzi wangu wa ushonaji, kijana aliyemaliza kidato cha nne na aliyejaliwa sauti nzuri, hunisomea wakati mimi nikishona, kwa makubaliano kwamba muda huo nao unahesabiwa kuwa kazi. Usiku hukichukua kitabu hicho hicho na kukisoma mwenyewe, hasa pale ninapohisi kwamba kuna jambo lilinipita mchana. Cherehani ya umeme na ovaloki zina kelele, kwa hiyo wakati wa kusoma tunatumia ile ya kukanyaga. Umeme unapokatika majirani hulalamika, lakini sisi tumewahi kumaliza sura nzima kwa hisani ya giza la mchana.

Riwaya za upelelezi ndizo ninazokutana nazo mara nyingi katika simu za wateja wangu, na sababu yake si ngumu kuiona. Willy Gamba wa Elvis Musiba hana muda wa kukaa kitako. Katika Kufa na Kupona, riwaya iliyotoka mwaka 1974, mpelelezi huyo anakimbizana na maadui wa harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika. Sentensi ni fupi, matukio yanafuatana bila kupumzika, na msikilizaji akipitwa na aya moja kwa sababu mteja ameingia kupima suruali, ataikuta hadithi mbele kidogo ikimsubiri. Ndivyo alivyo pia Joram Kiango wa marehemu Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa jirani wa Kigoma, ambaye sisi watu wa reli ya kati tuna haki ya kumwita wetu. Vitabu hivi vinasikilizika bila taabu na vinasomeka bila taabu. Ukivikosa katika sauti hujapoteza kitu, kwa sababu waandishi wake walikwisha kuzifungia mbio zote ndani ya maandishi.

Bwana Msa ni mpelelezi wa namna nyingine. Muhammed Said Abdulla, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale ulimpatia ushindi katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1950 kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, hujenga fumbo lake kwa vitu vidogo: nani alikuwa wapi, nani ana udugu na nani, na mazungumzo ya Bwana Msa na rafiki yake Najum ambayo huonekana kuwa porojo za barazani mpaka yatakapogeuka kuwa ushahidi. Hapo sikio linashindwa. Kijana wangu nimemsimamisha tena na tena ili arudi nyuma, naye kwa kuwa ni mtu mwenye akili anajua arudi wapi. Rekodi ya simu haina ukarimu huo, maana hujui jambo unalolitafuta lilitajwa dakika ya ngapi. Katika kitabu cha karatasi mkono wenyewe una kumbukumbu: lilikuwa ukurasa wa kushoto, kwa chini, karibu na mwanzo wa sura. Uingereza ilipoanza kutoa vitabu vya sauti kwa ajili ya wasioona mwaka 1935, mojawapo ya riwaya za kwanza kabisa ilikuwa ya upelelezi, The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie. Sahani moja ya santuri ilibeba kiasi cha dakika 25 kwa kila upande, na riwaya ya kawaida ilihitaji sahani zipatazo kumi. Nawaonea wivu wasikilizaji wale, kwa sababu kila walipogeuza sahani walipata nafasi ya kujiuliza muuaji ni nani. Siku hizi rekodi inakwenda mfululizo, na jina la muuaji linatajwa kabla hujamshuku mtu yeyote.

Kitabu kilichonishangaza kuliko vyote kwa kusikilizwa ni Kusadikika cha Shaaban Robert. Nilikuwa nimekisoma zamani, kama wengi wa rika langu, nikakiona kuwa kizito na chenye mawaidha mengi. Niliposomewa nilielewa kwamba kimetungwa kwa ajili ya kusikika. Karibu kitabu chote ni kesi: Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, na Karama anasimama mbele ya baraza kujitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema waliyoyaona, wakaishia kufungwa. Anayesikiliza anajikuta amekaa katika baraza lile lile. Sentensi za Shaaban Robert, ambazo kwenye karatasi huonekana ndefu na zilizopambwa kupita kiasi, zikisomwa kwa sauti zinajipanga zenyewe. Kila kipande kina pumzi yake, na kile kilichoonekana kuwa maneno ya ziada kinageuka kuwa mahali pa msemaji kupumua. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, wakati nchi ikiwa bado chini ya utawala wa kigeni. Wateja wawili wazee walioketi kusubiri nguo zao walianza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani hasa aliyekuwa akisemwa. Walikaa mpaka mwisho wa sura, ingawa kanzu walizofuata zilikuwa tayari zamani.

Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, nayo ilifanya kazi yake vizuri kwa masikio, lakini kwa namna nyingine kabisa. Mwandishi anasimulia kwa lugha nyepesi, na pale Zakaria anapompiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, karakana yote ilinyamaza, kisha akina mama waliokuwapo wakaanza kubishana kama baba yule alikuwa analinda au anabomoa. Sijui kama kitabu hicho kingezua mabishano hayo kama kila mmoja angekisoma peke yake kitandani. Hili ni jambo ambalo watetezi wa karatasi hawalitaji: kitabu kinachosomwa kwa sauti mbele ya watu ni mali ya kikao, na kikao hukiuliza maswali ambayo msomaji mmoja asingethubutu kukiuliza.

Lakini mwandishi huyo huyo ndiye aliyetuandikia Nagona, na hapo nilimwomba kijana anyamaze. Nagona ni kitabu kifupi, kilichotoka mwaka 1990, ambacho ndoto, falsafa na hadithi vimechanganywa humo kwa makusudi, na msomaji hutakiwa kusimama katika sentensi moja, kuiacha, kuirudia baada ya kurasa kadhaa, na pengine kulala nayo. Kukisikiliza huku unatia lupu za mkanda ni kukidharau. Nimekisoma kwa macho, polepole, na sehemu zake nyingine bado zinanisumbua, kwa maana nzuri ya neno hilo.

Katikati ya hao naliweka lile jitu la Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka la Aniceti Kitereza, ambalo mwandishi alilimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na likatoka kwa Kiswahili mwaka 1980, muda mfupi kabla ya kifo chake. Kwa karatasi nililishindwa mara mbili, kwa sababu salamu za watu wake, maulizano ya habari za nyumbani na maelezo ya namna ya kufanya kila kazi yananichosha macho. Kwa sauti nilivumilia yote, tena kwa furaha, kwa kuwa salamu ndefu ni kitu cha kusikika. Hakuna Mnyamwezi wa umri wangu anayeweza kuchoshwa na watu wanaosalimiana kwa utaratibu.

Tamthilia ni suala jingine, na hapa lawama zangu ni kali kidogo. Ngoswe ya Edwin Semzaba imesomwa na vizazi vya wanafunzi wa sekondari, na habari yake ya karani wa sensa anayesahau kuhesabu watu kwa sababu amempenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, ni ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Rekodi niliyoisikia ilikuwa ya msomaji mmoja, aliyetaja jina la kila mhusika kabla ya kila kauli kwa sauti ile ile, mpaka nikahisi ninasomewa daftari la mahudhurio. Maelezo ya jukwaani nayo aliyasoma kana kwamba ni sehemu ya mazungumzo. Nchi iliyokuwa na Redio Tanzania haina kisingizio cha kufanya hivyo. Watu wazima wanaosoma barua hii wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi, na wanaukumbuka mchezo wa Twende na Wakati ulioanza kurushwa mwaka 1993, ambao ulimfanya dereva wa lori aitwaye Mkwaju ajulikane nchi nzima bila mtu yeyote kuiona sura yake. Mlango ukifungwa ulisikia mlango, mtu akija ulisikia hatua zake, na kila mhusika alikuwa na koo lake mwenyewe. Ufundi huo tulikuwa nao, na waliokuwa nao hawajaondoka wote duniani. Kuichukua tamthilia, ambayo iliandikwa ili isemwe na watu wengi, na kumpa msomaji mmoja mwenye simu, ni kuifanyia jambo ambalo hata karatasi haikuifanyia.

Ushairi ndio unaoniuma zaidi. Tenzi na mashairi yetu hayakutungwa yakae kimya. Mshororo wa utenzi una mizani nane, ule wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita zilizogawanyika nusu kwa nusu, na vina vya kati na vya mwisho vipo kwa sababu kuna sikio linalovisubiri. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti yake. Mama anamwita mtoto akae karibu ili amwambie jambo. Unaweza kuusoma kwa macho ukaelewa mafundisho yake, ukakubaliana nayo au ukayakataa, kama mabinti wengi wa leo watakavyoyakataa, lakini bila mahadhi umesoma muhtasari tu. Na wenye kughani kwa mahadhi wanazidi kupungua. Rekodi chache za mashairi zilizonifikia zimesomwa kama taarifa ya habari, kila mshororo ukishushwa mwishoni, na kati ya ubeti na ubeti umewekwa muziki wa kinanda usiohusiana na kitu chochote.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Saadani Kandoro, mzaliwa wa Ujiji na mmoja wa waasisi wa TANU mwaka 1954, alikuwa mwanasiasa ambaye shairi lilikuwa chombo chake cha kazi, na mashairi yake yalipenya mahali ambapo hotuba isingepenya, kwa kuwa mtu asiyejua kusoma aliweza kulishika shairi kwa kulisikia tu. Mashairi ya Saadani yanapatikana katika kitabu kwa yule mwenye bahati ya kukipata. Ningependa kuyasikia yakighaniwa na mtu wa Ujiji, kwa lafudhi ya Ujiji, huku ziwa likiwa mlangoni pake. Magazeti ya Kiswahili yamekuwa na kurasa za mashairi tangu enzi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, na malenga wamekuwa wakijibizana humo wakijua kwamba wasomaji watayaimba majumbani. Je, gazeti lako, Mhariri, likiwa sasa na mahali pake kwenye intaneti, lingegharimika kiasi gani kuwaomba washairi wake waghani wenyewe shairi moja kila wiki?

Nije kwenye wasifu na historia, ambako nina furaha na hofu kwa kipimo sawa. Kitabu ambacho mtu wa Tabora anapaswa kukisikia kabla ya kufa ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe. Mzee huyo, aliyefariki Unguja mwaka 1905, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na maandishi yake yako karibu sana na kauli ya mdomoni: anaanza safari, anataja bei, anataja mtu, anasema tukapigana, tukafika, tukakaa. Baba yake aliishi hapa Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Kijana wangu alipokuwa akisoma majina hayo, watu waliokuwa wakipita walisimama mlangoni kana kwamba wameitwa. Si jambo la kila siku kusikia jina la ukoo wa jirani yako likisomwa kutoka katika kitabu cha zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Kwa burudani ya sikio, kitabu hiki hakina mpinzani.

Hofu yangu iko hapo hapo. Sauti ni mshawishi. Tippu Tip anasimulia kwa utulivu wa mfanyabiashara anayeeleza hesabu zake, na msomaji mwenye sauti nzuri anamwongezea heshima juu ya heshima, mpaka msikilizaji anajikuta anamtakia mzee huyo mafanikio katika safari zake. Pembe za ndovu zinafika, watu waliotekwa wanatajwa kwa maneno machache, na sauti inasonga mbele bila kutikisika. Katika karatasi nilisimama kwenye maneno hayo machache na kuuliza waliobeba pembe hizo walikuwa akina nani, walitoka wapi, na wangapi kati yao walifika pwani. Katika sauti hakuna aliyesimama, si mimi, si wateja, si kijana. Kwa sababu hiyo nashauri kwamba wasifu wa namna hii ukirekodiwa uwe na utangulizi wa mwanahistoria, na yeyote atakayeusikiliza asome baadaye, kwa macho, Peponi, yaani tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Humo msafara wa biashara kwenda bara unaonekana kwa macho ya Yusuf, mvulana aliyetolewa rehani kwa deni la baba yake, ambaye hana mzigo wa kuuza wala safari ya kujivunia. Riwaya hiyo nimeisoma kwenye karatasi na sitamani kuisikiliza. Imejaa mambo yasiyosemwa, na yasiyosemwa yanahitaji ukimya wa ukurasa.

Kuna wasifu mmoja ambao ungefaidika na sauti kuliko mwingine wowote, nao ni ule ambao Shaaban Robert aliandika juu ya Siti binti Saad. Mwimbaji huyo alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na baadhi ya nyimbo hizo bado zinasikika. Hebu fikiria msomaji anafika kwenye sura ya safari hiyo, ananyamaza, na Siti mwenyewe anaimba. Karatasi haiwezi kufanya hivyo hata kwa wino wa dhahabu, na sielewi kwa nini hakuna aliyeniletea rekodi ya namna hiyo mpaka leo.

Vitabu vya maarifa nitavitaja kwa kifupi. Vile vya namna ya kutajirika vinasikilizika vizuri, kwa sababu husema jambo moja katika kila sura na hata ukisinzia hujapitwa. Vya mapishi havifai, vya hesabu havifai, na kitabu cha kukata mitindo ya nguo kwa sauti ni mzaha. Hadithi za watoto zinafaa mno, kama wanavyojua wote waliokua wakisubiri kipindi cha Mama na Mwana redioni. Tatizo ni kwamba watoto wa sasa wakipewa simu ili wasikilize, baada ya dakika mbili wanatazama.

Wasomaji wa rekodi hizi nao wanastahili kuambiwa ukweli. Wengi wana vipaji, na siwakosoi kwa lafudhi zao. Mimi mwenyewe herufi zangu zinajulikana nimetokea wapi, na sioni aibu. Ninachokilalamikia ni kusoma bila kukipitia kitabu kwanza, jambo linalodhihirika pale msomaji anapoanza sentensi kwa hasira na kugundua katikati kwamba mhusika alikuwa anatania. Ninalalamikia muziki unaopigwa chini ya sauti mwanzo hadi mwisho, ambao humlazimisha msikilizaji achuje maneno mwenyewe. Ninalalamikia sura moja kukatwa vipande vitano ili kila kipande kianze kwa matangazo, na hadithi kuachwa njiani kwa ahadi kwamba sehemu inayofuata inakuja. Zaidi ya hayo, rekodi nyingi zinazozunguka hazitaji kama mwandishi au warithi wake wametoa ruhusa, na nyingine hazimtaji mwandishi kabisa. Sheria ya hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999. Mtu anayeuza suruali niliyoishona mimi na kusema kaishona yeye tungepelekana kwa mwenyekiti wa mtaa siku hiyo hiyo.

Wanaodai kwamba kusikiliza si kusoma wangefaa pia waende wakawaambie hivyo watu wasioona, ambao kwao vitabu vya sauti vilianzishwa kabla ya kutufikia sisi wenye haraka na kazi nyingi. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao unarahisisha kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Jirani yangu asiyeona, mwalimu mstaafu, hufika karakana kusikiliza pamoja nasi, na kumbukumbu yake ya kitabu hupita yangu kwa mbali. Ni yeye aliyetuambia muuaji wa Bwana Ali Bomani kabla hatujafika nusu ya Mzimu wa Watu wa Kale, na wengine tulikuwa bado tunarudishiana kurasa. Kwa hiyo niliyoyasema juu ya udhaifu wa sikio yachukuliwe kuwa ni juu ya sikio langu, lililodekezwa na macho.

Ombi langu kwa wachapishaji ni la kawaida. Kazi zinazoshinda Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023, zinachapishwa na kusifiwa; basi mashairi na tamthilia miongoni mwake zirekodiwe pamoja na kuchapishwa, na riwaya ziangaliwe moja moja kama zinastahili. Maktaba za mikoa, ikiwemo hii ya kwetu, ziwekewe nakala ambazo mtu anaweza kuzihamishia kwenye kadi ya simu bila kununua kifurushi cha intaneti, kwa sababu riwaya moja ya saa nyingi inaweza kumla mtu bando la wiki. Wasomaji walipwe ili wawe na sababu ya kujiandaa. Mchapishaji anayeona kwamba gharama ni kubwa aanze na tamthilia moja ya shule yenye waigizaji kamili na utenzi mmoja wenye mahadhi, auze kwa bei ya magazeti mawili au matatu, na mwanzoni mwa rekodi yatajwe jina la mwandishi, jina la msomaji na jina la aliyetoa ruhusa. Wanunuzi upande huu wa reli wapo. Mmoja wao ni mimi, ingawa kijana wangu amekwisha kuniuliza kama rekodi hizo zikija makubaliano yetu ya saa za kusoma yatabaki palepale, na bado sijampa jibu.

Wako msomaji,
Fundi cherehani,
Tabora.